Mkufu wa Kimasai kwenye harusi ya Mikindani

Dada yangu, umeuliza kama utawakosea Wamasai ukivaa mkufu wao wa shanga harusini Mikindani, pwani ya Mtwara, na ufanyeje na waya ulioshika kutu. Vaa, wala usiogope. Zijue tu rangi zake: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe maziwa, buluu mbingu iletayo mvua, kijani malisho. Ila isurutia, ile shaba iliyozungushwa kama konokono, iache. Kwao ni pambo la mwanamke aliyeolewa.

Kutu huletwa upesi na chumvi ya bahari. Usiuloweke, ufute kwa kitambaa kikavu. Wangu niliurekebisha mwenyewe kwa mshipi wa kuvulia, ukajikunja, shanga zikamwagika sakafuni. Wako mpelekee mama wa Kimasai anayetunga, kabla waya haujakatika.