Rauta imezima katikati ya kuflashi, ndo imekufa?

SWALI: Shikamoo kaka. Nilinunua rauta ya mtumba Kariakoo nikasikia kuna OpenWrt, mfumo wa rauta wa bure, unaifanya iwe na mambo mengi, basi nikaanza kuiflashi (kuiandikia mfumo huo) na umeme ukakatika katikati. Sasa hivi taa ya power inawaka, nyingine zinapepesa zote pamoja afu zinazima, ukurasa wa kusetia haufunguki kabisa. Fundi wa mtaani kaniambia imekufa niitupe. Kweli? Na hii OpenWrt ni halali au ni ya wizi?
Fundi mchanga, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Usitupe! Kama taa zinapepesa maana yake kuna kitu ndani bado kinafanya kazi, na kitu hicho kinaitwa butloda, kwenye rauta nyingi ni U-Boot. Ni programu ndogo inayokaa mwanzoni kabisa mwa chipu ya flashi (kumbukumbu ya kudumu ya rauta), ukiwasha umeme yeye ndo anaamka wa kwanza, anaiandaa RAM, anaitafuta kenel ya Linux (kiini cha mfumo), akiikuta nzima anaipisha iendelee. Ukiflashi OpenWrt kawaida unaandika sehemu ya mfumo tu, butloda huigusi, kwa hiyo umeme ulipokatika kilichoharibika ni mfumo, na butloda anaamka, anakuta kenel mbovu, anakwama hapo. Mimi hapo siiti kufa.

Fanya hivi. Rauta nyingi butloda wake anaweza kuvuta faili kwa waya wa LAN kwa njia ya TFTP, njia rahisi ya kutuma mafaili. Weka programu ya Tftpd64 kwenye laptop, zima Wi-Fi na fayawoli, laptop ipe anwani ya IP ambayo rauta inaitafuta (TP-Link nyingi ni 192.168.0.66, ila soma ukurasa wa modeli yako OpenWrt, tena mpaka namba ya vashen iliyo kwenye stika chini, maana v2 na v4 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa). Bonyeza riset uishikilie ndo uwashe rauta, subiri kama sekunde 10. Angalia logi ya Tftpd64, kama rauta inaomba faili jina lake litatokea pale, basi lipe faili lako la mfumo jina hilohilo. Isipoomba kitu weka swichi ndogo ya mtandao katikati ya laptop na rauta ujaribu tena, mara nyingi laptop inachelewa kuiona laini na rauta inakuwa ishakata tamaa.

Ikigoma kabisa ndo unafungua kava. Utaona pini tatu au nne za siriali, yaani laini ambayo rauta inatolea maandishi yake, tafuta adapta ya USB ya siriali yenye chipu ya CP2102 au CH340, ila hakikisha iko kwenye volti 3.3, ukiweka 5 hapo ndo utaiua kweli. Unganisha GND kwa GND, TX (ya kutuma) kwa RX (ya kupokea), RX kwa TX, pini ya VCC (ya umeme) iache kabisa. Fungua programu ya PuTTY kwenye laptop kwa spidi ya 115200 uwashe, utaona U-Boot anaandika mwenyewe kinachomsumbua. Mimi napenda sana hatua hii, unaacha kubahatisha.

Kuhusu uhalali, ni halali kabisa. Rauta ya Linksys WRT54G ilikuwa inatumia Linux, na leseni ya GPL, ya programu huria, inadai kodi ya programu (source code) itolewe wazi, ikatolewa 2003, mwaka 2004 OpenWrt ikaanzia hapohapo. U-Boot nayo ni GPL.

Ila kabla hujarudia angalia ukubwa: kama rauta ina flashi ya MB 4 na RAM ya MB 32 matoleo ya sasa hayaingii, tafuta yenye angalau 8 na 64, ikizidi ndo raha. Ukitoka kwenye mfumo wa kampuni tumia faili la factory, sysupgrade ni la kupandisha OpenWrt iliyopo tayari. Na safari hii rauta ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), hata ya kuazima.