Uyoga hauchukui nafasi ya dawa za saratani
Mama, umeuliza kama uyoga unaouzwa hapa Lubumbashi wakati wa mvua unaweza kumponya mdogo wako saratani ya tumbo, ili aache matibabu ya hospitali. Nakuomba sana asiyaache. Ni kweli kwamba uyoga una beta-glukani, sukari za minyororo mirefu zinazoweza kuamsha seli za kinga ya mwili, na kwamba nchini Japani lentinani, inayotolewa katika uyoga wa shiitake, ilianza kutumiwa miaka ya 1980 kwa wagonjwa wa saratani hiyo. Hata hivyo, lentinani husafishwa na kudungwa mshipani, tena pamoja na kemotherapia, yaani dawa za kuua seli za saratani, si badala yake. Matokeo mengi mengine yanayosifiwa yametoka kwenye seli zilizokuzwa maabarani, ambako hata chumvi ikizidi huziua. Akipenda, ale uyoga kama mboga, uliopikwa vizuri na kununuliwa kwa muuzaji anayeujua, kwa kuwa kuna uyoga wa sumu unaoharibu ini. Unga au vidonge vya uyoga asivitumie kabla ya kumweleza daktari wake.