Mashine Ikikataa, Imekataa

Wadogo zangu wa kaunta, kila kundi jipya likiingia zamu tunahesabu tu siku kabla mmoja wenu hajapitisha kadi ya wizi. Sababu ni zilezile: mteja alikuwa mpole, amevaa vizuri, na foleni ilikuwa ndefu. Kufungua na kufunga hesabu mnajua. Haya hapa ni yale ambayo mafunzo ya siku ya kwanza huyaruka.

1. Idhini si kitambulisho. Mashine ikiandika "imekubaliwa", maana yake benki iliyotoa kadi imeona akaunti iko hai, haijafungiwa na kiasi kinatosha. Nani amesimama mbele yako, haijasema. Hilo huthibitishwa na pini, au kwa anayelipa kwa simu, alama ya kidole au uso wake. Sahihi isahau. Aprili 2018 kampuni za kadi za Visa, Mastercard, American Express na Discover zililegeza sharti la sahihi katika maduka ya Marekani, na tuseme ukweli, keshia gani alikuwa anaikagua? Kitambulisho unaweza kukiomba kwa adabu, lakini kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida hazikuruhusu kukataa kadi halali kwa sababu tu mwenyewe hakutaka kukuonyesha. Na akikuonyesha, usinakili namba yake nyuma ya risiti. Unamtengenezea mwizi mwingine kazi.

2. Chipu kwanza, sumaku mwisho. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala. Ukanda wa sumaku husema maneno yaleyale kila siku, ndiyo maana ni rahisi kuunakili. Basi mwizi mwenye kadi bandia huikwaruza chipu au huipaka rangi ya kucha, ili mashine ishindwe kuisoma na mwishowe ikuruhusu kuswaipu, yaani kupitisha ukanda wa sumaku. Chipu ikigoma, ifute, iingize tena, kisha omba kadi nyingine. Ukilazimika kuswaipu, linganisha tarakimu nne za mwisho kwenye kadi na zile zilizochapwa kwenye risiti. Zikitofautiana, plastiki ni ya mtu mmoja na sumaku ni ya mwingine. Ni kazi ya sekunde tatu na hakuna anayeifanya. Angalia pia mwanzo wa namba: Visa huanza na 4, na American Express huanza na 34 au 37, ina tarakimu 15, na msimbo wake wa usalama ni tarakimu nne zilizo upande wa mbele. Tumewahi kukuta nembo ya Visa juu ya namba inayoanza na 5, na keshia akamshukuru mwenye kadi kwa kununua.

3. Namba ya idhini haitoki mdomoni mwa mteja. Hapa tukae kidogo, maana hapa sisi wakongwe hatuna uso wa kuwasimanga. Ni sisi tuliowafundisha kwamba mashine ikigoma, ipo njia ya kulazimisha.

Njia yenyewe ni halali. Mtandao ukikatika, au benki ikitaka idhini kwa sauti, keshia hupiga simu kituo cha idhini cha benki ya duka, hutaja namba ya duka, namba ya kadi, tarehe ya mwisho na kiasi, naye hupewa namba ya idhini, mara nyingi ya tarakimu au herufi sita. Huingia kwenye menyu, huchagua mauzo ya nje ya mtandao, huandika namba ile, na risiti inatoka. Tatizo ni kwamba wakati huo mashine haina njia ya kujua kama namba ni ya kweli. Andika 123456, inapokea. Andika tarehe yako ya kuzaliwa, inapokea. Huitunza tu mpaka hesabu ya jioni.

Tapeli anayajua haya kuliko ninyi. Kadi yake inakataliwa na wala hakasiriki. Anacheka: "Benki yangu hii, nikinunua kitu kikubwa tu wananifungia." Anatoa simu, anaongea na "benki", kisha anakupa na wewe uongee na afisa mwenye sauti tamu. Afisa huyo ni mwenzake aliyekaa kwenye gari. Anakuelekeza bonyeza hapa, chagua pale, andika namba hii, sisi tumeshaidhinisha. Unamtii kwa sababu unaona unasaidiwa. Mzigo unatoka mlangoni. Baadaye inakuja chajibaki, yaani dai la kurudisha fedha za muamala, na benki ya duka inakata fedha kwenye akaunti ya duka. Mnapeleka risiti, mnapeleka picha za kamera, hazisaidii, kwa sababu swali ni moja tu: idhini ilikuwepo? Kumbukumbu inaonyesha kadi ilikataliwa, kisha mkalazimisha.

Aibu ya kosa hili ni kwamba kila kitufe kilibonyezwa na mkono wetu. Hakuna aliyevunja kitu. Menyu ile tuliiacha bila neno la siri kwa kuwa iliokoa muda siku za foleni. Palipokuwa na neno la siri, tuliliandika kwenye karatasi tukalibandika ndani ya droo. Mteja alipoipigia "benki" yeye mwenyewe, tulimshukuru kwa kutupunguzia kazi! Na keshia aliyesimamisha foleni ili aulize tulimwita mzito. Halafu leo tunashangaa mnalazimisha.

Kwa hiyo: namba ya kupiga ni ile iliyo kwenye stika ya mashine au kwenye mkataba wa duka, na unapiga wewe, kwa simu ya duka. Hata namba iliyo nyuma ya kadi usiipige, kadi bandia inaweza kuchapwa namba yoyote. Neno la siri la menyu hiyo awe nalo msimamizi peke yake. Duka lisiloihitaji liombe benki yake iizime. Kadi iliyokataliwa ina majibu matatu: kadi nyingine, fedha taslimu, au mzigo urudi rafuni.

4. Jifunze misimbo ya kukataa. 51 ni salio halitoshi, 54 kadi imekwisha muda, 05 benki imekataa bila kueleza, 41 imepotea, 43 imeibwa. Usiisome kwa sauti. Usigawanye kiasi kipande kipande ili kipite, hilo ni kosa kwa kanuni na ni zawadi kwa mwizi. Ukiwa na wasiwasi, piga kituo cha idhini useme "Kodi 10" (hapana, si kodi ya serikali, ni neno la siri la kusema una shaka na kadi). Watakuuliza maswali ya kujibu ndiyo au hapana tu, mteja asielewe. Wakikuambia uizuie kadi, izuie kama ni salama. Akiinyakua, mwache aende nayo.

5. Oda za mtandaoni. Msimbo wa usalama ukilingana, maana yake aliyeagiza ameuona tu, na anaweza kuuona kwenye orodha iliyoibwa. Usiuhifadhi baada ya idhini, PCI DSS, kanuni za kulinda taarifa za kadi, zinakataza. Uthibitisho wa 3-D Secure, yaani benki iliyotoa kadi kumhakiki mnunuzi mtandaoni, ukifanikiwa, kwa kawaida hasara ya wizi huhamia benki iliyotoa kadi, basi usiuzime kwa oda kubwa eti wateja wanalalamika. Anwani ikibadilishwa baada ya malipo, futa oda na aagize upya. Kadi kumi ndani ya dakika tano, kila moja kwa kiasi kidogo, ni mtu anajaribu namba za wizi kwenye duka lako.

6. Anayerudisha bidhaa, fedha zake zirudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Taslimu hapana, kadi ya shemeji hapana.

7. Kila asubuhi kagua mashine: namba yake ya utengenezaji, stika ya usalama, uzito, waya, na kama kuna plastiki iliyozidi mahali pa kuingizia kadi. Fundi akija bila taarifa, hata akiwa na sare na beji, mpigie msimamizi kwanza. Mpe kiti, mpe maji, na mashine ibaki kaunta.