Kipa Anaruka Mpira Ukiwa Umeshaingia

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina kibanda cha gemu hapa Tanga chenye PlayStation 4 tatu, na wateja wangu karibu wote hucheza mpira. Mwezi uliopita niliondoa televisheni moja ya inchi 32 iliyokuwa imezeeka, nikaweka mpya ya inchi 50 yenye picha maridadi mno. Tangu siku hiyo vijana wanaikimbia. Wanasema ukibonyeza pasi, mchezaji anazubaa kwanza ndipo apige, na kwenye penalti kipa anaruka mpira ukiwa umeshaingia. Fundi alisema tatizo ni waya wa HDMI. Nimenunua mwingine na hali ni ile ile. Jirani anasema ni intaneti. Muuzaji naye aliniapia kwamba televisheni hii ni ya milisekunde moja. Je, niiuze? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, usiiuze kwanza. Vijana wako wanasema kweli, na tatizo limo ndani ya televisheni yenyewe, lakini kwa kawaida si ubovu bali ni mpangilio.

Tuanze kwa kuwaondolea lawama wasiohusika. Vijana wawili wanaocheza kwenye mashine moja, bega kwa bega, hawatumii intaneti, hivyo jirani hajapatia. Waya wa HDMI nao, ukiwa mbovu, utakuonyesha chengachenga, au picha itakatika, au kioo kitakuwa cheusi. Haucheleweshi picha kwa kiasi ambacho binadamu anaweza kukihisi.

Kinachotokea ni hiki. Gemu nyingi za mpira hutoa picha 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila baada ya milisekunde 16.7 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Televisheni ya kisasa haionyeshi picha hiyo mara tu inapoipokea, bali huishika kwanza, ikaisafisha chembechembe, ikaiongezea makali, ikaikuza ili ienee kwenye kioo kikubwa, na ndipo inapoiachia. Kazi inayokula muda zaidi ni ile ya kulainisha mwendo, ambapo televisheni hubuni picha za ziada na kuzipachika katikati ya picha halisi ili mwendo uonekane kama unateleza. Sasa, huwezi kubuni kilicho katikati ya picha ya kwanza na ya pili kabla ya kuiona hiyo ya pili. Ni lazima ungoje. Kwa mtu anayetazama filamu kungoja huko hakuna hasara, kwa sababu sauti nayo hucheleweshwa ili iende sambamba na picha, na mtazamaji hana kitufe cha kubonyeza. Mchezaji wako anacho. Katika mipangilio hii ya kurembesha picha, si ajabu televisheni ikachelewa kwa zaidi ya milisekunde 100, ambazo ni kama picha sita nzima. Kipa wa kijana anaamriwa kuruka kwa kuangalia mpira ulipokuwa, si ulipo.

Zile televisheni za chogo za zamani hazikuwa na shida hii, maana zilichora picha kwenye kioo kadiri ishara ilivyokuwa ikiingia, bila kuihifadhi popote. Waliocheza lile gemu la kaseti la kupiga bata kwa bunduki, kisha wakajaribu kulicheza tena kwenye televisheni bapa, watakumbuka kwamba bunduki haikuua hata bata mmoja. Ucheleweshaji huu ni sababu mojawapo, kwa kuwa bunduki ilitarajia kuona mwanga papo hapo.

Dawa yake ni kuzima urembo huo. Fungua mipangilio ya picha ukiwa kwenye tundu la HDMI lenye PlayStation, utafute hali ya picha iliyoandikwa "Game" au "Game Mode", uiwashe. Televisheni nyingi za miaka ya karibuni, zikiwa katika hali hiyo, hushuka hadi milisekunde 20 au chini yake. Zingatia kwamba katika televisheni nyingi mpangilio huu hukaa kwenye tundu moja tu. Ukihamisha waya kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2, unaweza kujikuta umerudi ulikotoka. Ikiwa yako haina hali hiyo, badilisha jina la tundu liwe "PC", kwani baadhi ya televisheni huacha kuichakata picha zikidhani zimeunganishwa na kompyuta, kisha zima kimoja kimoja kila kinachohusu kulainisha mwendo na kupunguza chembechembe. Mashine mpya zaidi, kama PlayStation 5, zinaweza kuiamuru televisheni inayoelewana nazo iingie katika hali ya gemu yenyewe, lakini kwa PlayStation 4 utafanya kwa mkono wako. Rangi zitapoa kidogo na picha haitakuwa na ule mng'ao uliokuvutia dukani. Mimi nisingejali: mteja analipia mechi, halipii mng'ao.

Kuhusu milisekunde moja ya muuzaji, huenda hakukudanganya, ila alijibu swali jingine. Namba hiyo kwa kawaida ni muda ambao nukta moja ya kioo hutumia kubadili rangi, na ikiwa kubwa utaona kivuli kikiufuata mpira. Haisemi lolote kuhusu muda ambao picha imekaa ndani kabla ya kufika kwenye nukta hiyo.

Usiniamini kwa maneno tu; pima. Tafuta simu inayorekodi mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, uhakikishe ni 240 za kweli, kwa sababu simu nyingine nazo hubuni picha za katikati. Irekodi padi na kioo kwa pamoja huku kidole kikibonyeza kitufe kwenye menyu ya gemu. Usitumie mchezaji anayekimbia, kwani yeye hutakiwa kwanza amalize hatua yake. Kisha hesabu picha kuanzia kidole kinapozama hadi alama ya kuchagulia inapohama. Kila picha ni kama milisekunde 4.2. Hesabu hiyo inajumlisha padi, mashine na gemu pia, kwa hiyo namba peke yake haikuambii mengi. Fanya vivyo hivyo kwa mashine ile ile kwenye inchi 32 ya zamani, mara kumi kila upande, utafute wastani. Mpya ikikupa picha 40 na ya zamani 20, tofauti ni takriban milisekunde 83, nayo ni ya televisheni tupu.

Ikiwa baada ya yote hayo tofauti imebaki kubwa, irudishe ile ya inchi 32 kwenye gemu, na hii ya inchi 50 uitundike ukutani kwa ajili ya wanaokuja kutazama ligi. Siku utakaponunua nyingine, nenda dukani na PlayStation yako pamoja na padi, uwashe hali ya gemu, umpe mmoja wa wale vijana apige penalti tano kabla hujatoa pesa.