Una shahada, unalipwa kwa cheti: walimu na kubadilishiwa muundo

Mwalimu anauliza kwa nini amemaliza shahada ya elimu tangu mwaka juzi na salari slipu bado inasoma TGTS B, yaani ngazi ya mshahara wa walimu wa serikali Tanzania wenye cheti. Mwalimu, serikali hailipi elimu uliyonayo, inalipa cheo kilichoandikwa kwenye barua yako. Mwenye cheti huanzia Daraja IIIA (TGTS B), stashahada IIIB (TGTS C), shahada IIIC (TGTS D). Kuhama hapo, yaani kubadilishiwa muundo, hakuji kwenyewe, kunaombwa.

Barua unamwandikia Mkurugenzi wa halmashauri, ikipitia kwa mwalimu mkuu na afisa elimu. Ambatisha nakala zilizothibitishwa na wakili au hakimu: cheti cha shahada na transkripti, barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha sasa na ya ruhusa ya masomo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayokwamisha wengi. Mtu kasoma wikiendi kimyakimya, shahada yake ni halali kabisa, lakini faili halina karatasi hata moja inayoonyesha mwajiri alijua. Omba ruhusa kabla ya kulipa ada, hata kama hutaondoka kituoni siku moja.

Kagua majina herufi kwa herufi. Cheti cha kidato cha nne kikisema Mwanaidi Juma na cha chuo Mwanaidi J. Hamisi, maombi yatarudi. Shahada ya nje ya nchi ipeleke kwanza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambuliwe.

Kozi nayo ina uzito. Shahada ya sosholojia peke yake haikufikishi IIIC. Utahitaji pia stashahada ya uzamili ya elimu.

Ukikamilisha yote bado kuna ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na makisio ya mishahara huandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayepeleka barua Mei amechelewa. Baki na nakala yenye muhuri wa masjala na tarehe, na uliza jina lako limo kwenye makisio, siyo tu kama "barua imefika".

Na kama umeshapandishwa mpaka TGTS E kwa cheti, muundo mpya unaanza TGTS D. Usiogope kushushwa: omba barua itamke wazi kwamba utaendelea na mshahara wako wa sasa kama mshahara binafsi, mpaka cheo kipya kiufikie. Isome vizuri kabla ya kusaini.