Mzee wa Mawe Anajibu: "Mwalimu, mji wenyewe uko wapi?"

SWALI: Shikamoo mzee. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita Engaruka, kwenye magofu yale ya mkoani Arusha. Njia nzima nilikuwa nawaambia tunakwenda kuona mji wa kale. Tumefika, ni mawe matupu. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mji wenyewe uko wapi?" Nikabaki natazama viatu vyangu. Nimjibu nini?
Mwalimu, Karatu

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwambie mlikuwa mmesimama shambani.

Neno "mji" limewapoteza wengi kabla yako. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika pale mwaka 1935 alikadiria kuwa palikuwa na watu 30,000 hadi 40,000. Baadaye wanaakiolojia wengine walifika: Hamo Sassoon alichimba, miaka ya 1964 na 1966, kisha John Sutton akayapitia mabaki yale kwa makini, na hesabu ikashuka mpaka maelfu machache. Waliishi katika vijiji saba pale mteremko wa Bonde la Ufa unapoanza kupanda. Nyumba zao za miti na nyasi zimeoza zamani. Vimebaki vibaraza vya mawe vilivyosawazishwa ili nyumba isimame. Kila kitu kingine mlichokiona huko chini, kilomita za mraba zipatazo 20, ni kilimo. Walilima hapo tangu karne ya 15 hadi ya 18.

Mimi mwenyewe siku ya kwanza niliuruka mfereji mara tatu bila kuuona. Ilikuwa saa sita, jua la utosi, na Engaruka saa sita haina kivuli hata cha mjusi. Jioni jua lilipolala, mistari ikajitokeza chini yangu kama mishipa kwenye mkono wa mzee: mifereji iliyozungushiwa mawe, ikitoka mtoni na kugawanyika, na kati yake vijaruba vidogo vyenye kingo za mawe. Basi mwalimu, kosa lenu ni saa mliyokwenda. Rudini saa kumi na moja jioni.

Yale marundo ya mviringo yaliyopangwa vizuri pembeni, ambayo kila mgeni hudhani ni makaburi (nimeshakula makande nikiwa nimekalia moja, sikuona mzimu), ni mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipite. Nayo maboma ya mawe yaliyo katikati ya mashamba, Sutton aliyaona kuwa mazizi: ng'ombe analishwa humo humo, samadi inakwenda kwenye mtama. Punje za mtama zilizoungua zimepatikana pale, kwa hiyo hilo la mtama si la kubahatisha.

Lakini kinachonifanya nivue kofia ni udongo. Wengi hufikiri wakulima wale walikuta ardhi nzuri wakaimwagilia. Mwanaakiolojia Daryl Stump na wenzake walipochimba kukata kingo zile, walikuta sehemu kubwa ya udongo wa mashamba ni tope lililoletwa na maji. Mkulima alipanga mawe kukinga maji, maji yakapunguza kasi, tope likatua. Likishafika juu ya jiwe, anaongeza jiwe jingine. Shamba lilinyanyuka kidogo kidogo, msimu kwa msimu, baba akimwachia mwana. Ukikata shimo utaona tabaka zake: mchanga wa chembe kubwa wa mafuriko ya ghafla, kisha tope laini la maji yaliyotulia. Walitengeneza shamba kwanza, ndipo wakalima.

Wameenda wapi? Wapo wanaowataja Wasonjo, ambao hadi leo hulima kwa mifereji kaskazini ya pale, na wapo wanaowataja Wairaqw. Mimi sipendi kugawa mababu za watu. Ila maji ya mito ya leo hayawezi kunywesha mashamba yote yale, na mkulima asiye na maji hahitaji adui wa kumfukuza.

SWALI: Mzee, kwetu Usangi tuna ndiva ya ukoo, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Vijana wanataka kubomoa ukingo wapate mawe ya msingi. Hiyo nayo ni mambo ya kale au ni bwawa tu?
Mjukuu, Upareni

JIBU: Ni yote mawili, mjukuu wangu. Ndiva hujaa maji usiku, asubuhi inafunguliwa kwa zamu. Tofauti na Engaruka ni kwamba yenu bado inafanya kazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda majengo ya kabla ya mwaka 1886, kwa hiyo waulize wazee iliyoijenga ni mikono ya nani, kisha nenda kwa ofisa utamaduni wa wilaya kabla nyundo haijashuka. Na hata ikionekana ni ya juzi, waambie vijana hao wapige msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, watoe tope lililojaa humo. Tope hilo wapeleke kwenye migomba. Mawe ya msingi wakanunue.