Kabla Hujamuuzia Mteja Kadi Mpya, Tazama Picha Inachanika Vipi

Ukianza ufundi wa kompyuta hapa Moshi, na meza yako ikiwa karibu na mabanda ya gemu ya Majengo au Pasua, kesi hii itakufikia kabla hujamaliza mwezi. Kijana ataingia na sipiyu begani, ataitua taratibu, atakwambia, "Shikamoo fundi. Picha inachanika." Ukimuuliza inachanikaje, atakuonyesha kwa viganja: kimoja juu, kingine chini, halafu atavisogeza kimoja kushoto na kingine kulia. Itazame vizuri ishara hiyo kabla hujashika bisibisi. Nusu ya jibu imo humo.

Mimi sikuitazama. Mteja wangu wa kwanza wa kesi hii alikuwa na banda lenye kompyuta moja na pleisteshen mbili, watoto wakilipia kila mechi. Kompyuta ilikuwa na kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachotengeneza picha, ya kawaida na monita ya mtumba ya hertz 60. Mpira ukihamishwa kutoka wingi moja kwenda nyingine, mstari wa mlalo ulitokea katikati ya kioo, na nguzo ya goli ikakatika vipande viwili, cha juu huku, cha chini kule. Nikamwambia kadi yake imechoka. Akanilipa laki mbili na themanini, hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kodi ya banda, nikamfungia kadi kubwa zaidi. Baada ya siku nne akarudi. Mstari mmoja umekuwa miwili, saa nyingine mitatu.

Nilikwenda bandani jioni ileile. Nikabadilisha setingi moja ndani ya gemu, picha ikatulia. Nikairudisha kadi yake ya zamani ili nijaribu, nayo ikatulia vilevile. Kadi niliyomuuzia niliichukua, hela yake nikamrudishia kwa awamu mbili. Tangu siku hiyo sijamuuzia mtu kifaa chochote kwa kesi ya picha kuchanika kabla sijajua mstari unatoka wapi.

Nanyi mjue unakotoka. Kumbukeni darasa la shule ya msingi: mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Kadi ya grafiki ndiye mwalimu, kioo ndiye mwanafunzi. Kioo cha hertz 60 kinanakili ubao mzima mara 60 kwa sekunde, yaani kila nakala ina takriban milisekunde 16.7 tu. Mwalimu ana mbao mbili: moja inanakiliwa, nyingine anaiandaa kwa siri, na akimaliza anazibadilisha. Sasa akizibadilisha wakati mwanafunzi amefika katikati, daftari litakuwa na jiografia juu na hesabu chini. Pale somo moja lilipokatika na jingine likaanza, ndipo mteja anapoona mstari.

Hakuna kilichoungua hapo. Kadi nzima, kioo kizima, waya mzima. Ni saa mbili tu zisizokwenda pamoja. Na ndiyo maana kadi yangu kubwa iliongeza mistari: ile ya zamani ilikuwa ikitoa fremu, yaani picha kamili moja moja, kama 75 kwa sekunde, mpya ikatoa 140, kwa hiyo ubao ulibadilishwa mara mbili au tatu mwanafunzi akiwa bado kwenye nakala moja. Wengi hudhani kwamba kadi dhaifu ikitoa fremu 40 haiwezi kuchana. Inachana pia, maana nayo inabadilisha ubao wakati wowote inapomaliza, bila kumwangalia mwanafunzi.

Kazi yako ya kwanza, basi, ni kuhakikisha kweli ni kuchanika. Wateja hutumia neno hilo kwa magonjwa tofauti kabisa. Fungua gemu inayoruhusu kuzungusha kamera, simama mbele ya kitu kilicho wima, mlango au nguzo ya umeme, kisha zungusha haraka kulia na kushoto. Kuchanika halisi kuna mstari wa mlalo ulionyooka, rangi zote ni sahihi juu na chini yake, ila vipande viwili havilingani. Ukiacha kuzungusha, mstari unapotea. Piga picha ya skrini kwa kibonyezo cha kibodi: mara nyingi picha itatoka safi, kwa sababu kompyuta inahifadhi fremu iliyokamilika, nayo haijui kioo kilikuwa kimefika wapi.

Ukiona vidoti vya rangi, miraba, au pembetatu ndefu zinazoruka hovyo, na picha ya skrini nayo imezibeba, hiyo ni kadi inayopata joto kupita kiasi au inayokufa. Pasua kuna vumbi. Fungua, puliza, badilisha pesti ya kupooza chipu, pima joto. Kama ni laptopu na mistari inakuja ukisogeza mfuniko, tafuta waya wa kioo pale kwenye bawaba. Na kama picha haikatiki ila inaganda kidogo na kuruka, huko ni kukwama, kuna sababu zake nyingine na somo lake ni refu. Usilichanganye na hili.

Swali jingine la kuuliza mapema: je, hata video na madirisha ya kawaida yanachanika? Kama ndiyo, gemu haina kosa. Angalia draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuiendesha kadi. Kompyuta nyingi za mtumba zikishawekewa Windows upya hubaki na draiva ya msingi ya Microsoft, ambayo inaonyesha picha lakini haiijui kadi hiyo. Weka draiva ya kadi yenyewe kisha ujaribu tena. Hakikisha pia waya wa monita umechomekwa kwenye kadi, si kwenye ubao mama (motherboard). Nimeshakuta sipiyu yenye kadi nzuri ambayo haijawahi kuunganishwa na kioo tangu inunuliwe.

Sasa tiba. Kwa monita ya kawaida jina lake ni V-Sync, na utaikuta kwenye setingi za picha za karibu kila gemu. Ukiiwasha, mwalimu analazimika kusubiri mwanafunzi amalize mstari wa chini na kuinua kalamu ndipo abadilishe ubao. Mstari unakufa papo hapo. Gemu isiyo nayo, washa kwenye paneli ya draiva ya NVIDIA au AMD, kampuni zinazounda chipu za kadi hizo. Njia nyingine ni kuchezesha gemu kama dirisha lisilo na kingo (borderless) linalojaza kioo. Tangu Windows 8, mfumo wenyewe hukusanya madirisha yote na kuyapeleka kioo kikiwa tayari, na mara nyingi hilo peke yake linatosha.

Lakini usiwashe ukaondoka. Hapa ndipo mafundi wachanga wengi wanapolaumiwa, na lawama ni ya haki. Tuseme kadi inahitaji milisekunde 20 kuandaa fremu moja, sawa na fremu 50 kwa sekunde. Bila V-Sync mteja anaona 50 zenye mistari. Ukiiwasha, mwalimu anakosa nafasi ya milisekunde 16.7, anasubiri inayofuata ya 33.3, na gemu inashuka hadi fremu 30. Mteja atakwambia umeifanya kompyuta yake kuwa nzito, na atakuwa sahihi. Kwa hiyo punguza mzigo kwanza: vivuli, ukungu, watazamaji jukwaani, hata ukubwa wa picha, mpaka gemu ipite 60 hata katika sehemu ngumu. Ndipo uwashe. Kama kuna chaguo la bafa tatu, liwashe nalo; linampa mwalimu ubao wa tatu asikae bure akisubiri.

Gharama ya pili ni uchelewaji. Kidole kinabonyeza, pasi inatoka kwa kuchelewa kidogo. Watoto wa banda wanaocheza mpira kila siku watalihisi kabla yako, usiwabishie. Banda likitumia televisheni, washa hali ya gemu kwenye televisheni hiyo, kwa sababu nayo huongeza ucheleweshaji wake kwa kuisafisha picha. Kuna watakaokwambia uzuie fremu ziwe 60 kamili bila V-Sync. Saa mbili hizo haziwezi kulingana kabisa. Mstari utabaki, ila utakuwa ukitambaa polepole, na kwa macho yangu huo unaudhi zaidi.

Siku hizi zinaingia pia monita zenye FreeSync (ya AMD) au G-Sync (ya NVIDIA). NVIDIA walitangulia na G-Sync mwaka 2013, na mwaka 2014 VESA, shirika la viwango vya vioo, wakaingiza teknolojia kama hiyo, Adaptive-Sync, kwenye DisplayPort, aina ya waya wa monita. Humo mambo yamegeuzwa: mwanafunzi ndiye anayemsubiri mwalimu. Ni tiba nzuri kuliko V-Sync, maana hakuna kushuka hadi 30. Ila ina mipaka. Monita nyingi za bei nafuu hufanya hivyo kati ya hertz 48 na 75 tu, kwa hiyo zuia fremu zisipite 72 hivi. Haipiti kwenye waya wa VGA, ule wa zamani wa monita, wala kwenye kibadilishi cha VGA, na kwenye monita nyingi tiba hii huja ikiwa imezimwa ndani ya menyu ya monita yenyewe. Mteja akikwambia amenunua monita ya hertz 144, fungua setingi za kioo kwenye Windows uhakikishe haijaachwa kwenye 60. Inatokea mara nyingi mno.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ujaribu mbele ya mteja, kisha uendelee na kingine. Toza kazi yako bila aibu hata kama uligusa setingi moja. Mwambie wazi kwamba ulibadilisha setingi, na kwamba kadi yake ni nzima. Kisha andika kwenye karatasi na uibandike ubavuni mwa sipiyu: V-Sync imewashwa, kioo 60, vivuli chini. Draiva ikisasishwa, setingi za paneli zinaweza kurudi zilivyokuwa, na mteja akikupigia simu jioni banda limejaa watoto, utamsomesha karatasi hiyo badala ya kupanda bodaboda kwenda Pasua.